Mwaka na nusu nikijifunza kuandika mtandaoni: Wattpad, Google Docs na Wikipedia ya Kiswahili, ipi imenifunza nini

Nimeulizwa sana inbox "dada unaandikia wapi, na mimi nataka nijifunze", nikawa najibu mmoja mmoja vipande vipande, sasa nimeona niyaweke yote mara moja maana hizi sehemu nimezitumia mwaka na nusu hivi, usiku baada ya kazi, kwa simu ya kawaida na bando la kuungaunga. Mimi sio mwalimu wa Kiswahili. Ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, sio mbali na Msamvu, mzaliwa wa Tanga, na kuandika kwangu kote kulikuwa "saruji mifuko 40 imetoka, nondo vipande 15 vimeingia", basi, na meseji za wasap za "cjui" na "xaxa" na "ndo ivo". Nilipotaka kuandika habari ya babu yangu nikakuta siwezi. Yaani yote naijua kichwani, naisikia kabisa sauti yake, nikishika simu zinatoka aya mbili za sifa halafu nimekwama.

Babu alikuwa mkataji wa mkonge miaka ya 60, shamba moja huko upande wa Muheza. Bado yupo, mzee sana, anasikia kwa sikio moja, na ndo maana nina haraka.

Nilianzia kwenye urahisi, kundi moja la simulizi, jina silitaji. Unazijua zile za "SEHEMU YA 4, usikose kesho saa mbili usiku". Nikaposti ya kwanza, laiki zikamiminika, komenti zikaja, "tamu sana", "next", "mtunzi ubarikiwe", "mbona umekatia patamu jamani". Nilifurahi mno, nililala simu ikiwa mkononi. Nikaenda hadi sehemu ya 11. Siku moja umeme umekatika, nimekaa tu, nikasoma ya kwanza na ya 11 kwa kufuatanisha, nikaona ni ile ile. Makosa yale yale, kila mtu moyo unamwenda mbio, kila jua linazama taratibu, mke wa nyapara sehemu ya pili anaitwa Mwanaidi sehemu ya nane amekuwa Mwanahawa, na katika watu wote wale waliosoma hakuna hata mmoja aliyeniambia. Sio kwamba walikuwa wabaya, wamekuja kuburudika baada ya kazi na wao, kwa nini wanisahihishie? Lakini pale ndo nilielewa kwamba kupigiwa makofi ni kitu kimoja na kufundishwa ni kitu kingine. Makofi yatakufanya uandike kila siku, na hilo silidharau hata kidogo kwa sababu bila lile kundi nisingepata mazoea ya kukaa na kuandika, ila sentensi yako haiguswi na mtu.

Halafu kule kule hadithi yangu ikachukuliwa, ikabandikwa sehemu nyingine ikiwa na jina la mtu mwingine na namba ya kulipia, ukitaka sehemu zote tuma elfu moja. Nikamwandikia kwa heshima kabisa, kaka naomba basi weka jina langu, akanibloku. Nikawaeleza wasimamizi wakaniambia wao hawahusiki. Iliniuma sana kwa sababu ile sio hadithi ya kubuni, yule ni babu yangu. Toka siku ile nikaanza kupima kila sehemu kwa swali moja tu, je hapa kuna mtu anayeweza kuigusa sentensi yangu? Na kwa swali hilo hilo ndo nazipima hizi tatu.

Wattpad kwanza, apu ya kuandika na kusoma hadithi. Wengi wananiuliza kama ni apu ya uhakika au siku moja itazimika na maandishi yao. Ilianzishwa Toronto, Canada, mwaka 2006 na Allen Lau na Ivan Yuen, na mwaka 2021 ilinunuliwa na Naver, ile kampuni kubwa ya Korea Kusini, kwa hiyo sio apu ya kuja na kupotea wiki moja. Ila nakala yako iweke pembeni hata hivyo, popote pale unapoandika, usiache kazi ya mwaka mzima nyumbani kwa mtu.

Unafungua akaunti bure, unaanzisha hadithi, unachagua lugha, unaandika sehemu kwa sehemu, na ikiwa bado haijaiva inakaa kama rasimu hakuna anayeiona. Hiyo rasimu mwanzoni niliidharau, sasa naona ni kitu kikubwa. Kule kwenye kundi nilikuwa naandika na kurusha hapo hapo, hapa nalala nayo, kesho yake naisoma nikiwa kwenye daladala na yale mabovu yanajitokeza yenyewe.

Kilichonibakisha lakini ni komenti za kwenye aya. Msomaji hasubiri afike mwisho ndo aandike "nzuri", anagusa aya moja tu iliyomshtua na anaandika pale pale ubavuni mwake. Kuna dada mmoja wa Mombasa alinisoma kuanzia mwanzo na sijawahi kuonana naye. Nilikuwa nimeandika "babu alirudi kutoka korona akiwa amelowa", yeye kagusa ile aya kaandika, "Dadangu, korona hii ni gani? Ule ugonjwa?" Mimi nimekulia Tanga, kwangu korona ni ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na kiwanda chenyewe watu wanakiita hivyo hivyo, haijawahi kunipitia akilini kwamba mtu wa nje hapo anasoma ugonjwa. Swali moja dogo na likanifunza kuliko komenti zote mia za "next". Toka hapo kila neno la nyumbani nikilileta nalishikisha kitu kando yake mtu alione, nikasema "korona ikanguruma, majani yakaingia upande huu yakatoka nyuzi upande ule". Hapo simfafanulii mtu kama darasani, nampa tu kitu cha kuona.

Akaniuliza tena kwenye aya nyingine, "huyu babu hapa ana miaka mingapi?" Sikuwa najua. Nikampigia babu. Ndo napata kujua kwamba alianza kukata akiwa bado hajaota ndevu na alidanganya umri apate kuandikwa. Hiyo sasa ndo inafungua hadithi yenyewe, na nisingeipata bila mtu wa mbali kuuliza.

Sasa ubaya wa Wattpad kwa mtu wa Kiswahili. Wasomaji wa lugha yetu mule ni wachache ukilinganisha na bahari ya Kiingereza, kwa hiyo ukiweka hadithi ukakaa tu utazeeka. Inabidi na wewe uende ukasome za wenzako, ugonge ile nyota, uache komenti ya maana, ndo na wao wanarudi. Mimi nilijipangia, kwa kila sehemu moja ninayoweka nasoma tatu za wengine na naacha swali kwenye aya, sio sifa, swali. Hiyo nayo ni shule maana ukitafuta kwa nini aya ya mtu imekuchosha unajikuta unaiona yako. Kingine, kama hulipii kuna matangazo, na matangazo yanakula bando. Na zinazopendwa zaidi mule ni za mapenzi, bosi tajiri na msichana maskini, kwa hiyo ukija na mkonge jiandae kukaa na wasomaji wanane. Mimi wale wanane siwabadilishi na elfu moja wa kule kundini. Naipa tatu na nusu kwa tano.

Google Docs, ile programu ya Google ya kuandikia nyaraka, wengine watasema hiyo sio sehemu ya kuandikia hadithi, hiyo ni ya ofisini. Nakubali, ila kwa kujifunza ina kitu kimoja ambacho Wattpad haina. Unaweza kumpa mtu mmoja tu unayemwamini ruhusa ya kupendekeza, na kila anachokata kinabaki kimechorewa mstari na anachoongeza kinaonekana kwa rangi, halafu wewe ndo unakubali au unakataa kimoja kimoja. Mimi nampa mamdogo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Muheza, amestaafu, simu yake alipewa na mwanawe na ilimchukua kama wiki mbili kuzoea, nikawa namwelekeza kwa kumpigia, shikamoo mamdogo, bonyeza ile kalamu, sio hiyo, ile nyingine. Sasa hivi ananishinda kwa kasi.

Na mamdogo hana huruma. Nilikuwa naandika "moja ya shamba kubwa", akakata akaandika pembeni, "Mwanangu, ni mojawapo ya mashamba makubwa. Moja ya shamba ni nini, nusu yake?" Nilikuwa naandika "katika nyumbani kwake", akaniambia hiyo -ni ya mwisho imeshabeba katika, unapakia mzigo mara mbili. Nilikuwa naandika "apo", "uyu", "ivyo" maana ndo tunavyosema, akairudishia h kila mahali, mahali 43, nilihesabu kwa sababu nilikuwa nakubali moja moja kwa kidole. Kukubali moja moja ndo kunakofundisha, angenisahihishia kwenye karatasi nisingekumbuka hata tano. Kuna vingine nilivikataa. Alitaka maneno ya babu yawe sanifu, babu aseme "sitaki" pale aliposema "staki", nikamwandikia, mamdogo hapa naomba tumwache babu aseme mwenyewe. Akanijibu neno moja, "Sawa." Kesho yake kaongeza, "Ila yako wewe iwe sanifu, ili yake isikike." Hiyo sentensi nimeiandika kwenye daftari la stoo.

Na ile historia ya matoleo, unaweza kurudi nyuma ukaona waraka ulivyokuwa miezi mitatu iliyopita. Ukikata tamaa nenda kaitazame. Unaweza pia kuandika bila intaneti ukishauwezesha waraka wenyewe ukae kwenye simu, bando likirudi inajipeleka yenyewe. Naipa nne, na moja naizuia kwa sababu yenyewe haikuletei mtu, kama huna mamdogo wa kukukata utabaki na karatasi nyeupe tu.

Hapa sasa ndo nataka mnisikilize kwa makini maana ndo ninapopapenda zaidi na ndo ambapo sioni watu wakipataja. Wikipedia ya Kiswahili. Wengi tunaijua ya kusoma tu, ya kukopia kazi ya shule. Ipo tangu 2003, miaka miwili tu baada ya Wikipedia yenyewe kuanza, ina makala zaidi ya 80,000, haina tangazo hata moja, ni nyepesi kwa bando kuliko zote nilizozitaja, na karibu kila ukurasa una kitufe kimeandikwa Hariri. Hicho kitufe ni chako na ni changu. Mimi nilikuwa nadhani ni cha watu fulani walioajiriwa huko.

Nilifika pale nikitafuta mwaka ambao mkonge uliletwa, kwa ajili ya hadithi, nikasoma nikaona mimi mtoto wa Tanga nina cha kuongeza. Nikafungua akaunti, nikabonyeza, nikaandika sentensi niliyoiona kali sana, "Mkonge ni zao maarufu sana ambalo limeleta maendeleo makubwa katika mkoa wetu pendwa wa Tanga." Baadaye naangalia, haipo. Nikafungua historia ya ukurasa, na hapa ndo uzuri wenyewe, kila badiliko tangu ukurasa unazaliwa limehifadhiwa, nani kalifanya, saa ngapi, na sababu yake, unaweza kuweka la zamani kushoto na jipya kulia ukaona neno gani limetoka na lipi limeingia. Mtu aliyeiondoa aliacha sababu fupi tu, sifa, haina chanzo.

Mwanzo nilinyamaza nusu siku. Halafu nikaisoma ile sentensi upya na nikakuta haina kitu ndani. Maarufu kwa nani? Maendeleo yapi, barabara, shule? Mkoa wetu, wetu wa nani, msomaji yuko Bukavu. Ukiitoa sifa hakibaki hata kitu kimoja mtu anachoweza kukishika. Nikaenda kutafuta vitabu, nikasoma, nikarudi na hii, "Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kati ya miche 1000 aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai." Na chanzo chake. Hiyo ikakaa. Na jamani hebu zisomeni zote mbili kwa sauti. Ile ya pili haina neno hata moja la kusifia lakini mwili unasisimka, mashamba yote yale unayoyaona ukitoka Segera kwenda Tanga, mistari mpaka macho yachoke, yalianzia kwenye miche 62. Hakuna "maarufu sana" inayofika hapo.

Hilo ndo Wikipedia imenifunza na nimelihamishia kwenye hadithi moja kwa moja. Sasa nikitaka kusema babu aliteseka, siandiki "aliteseka sana", naandika kwamba majani yalifungwa mafungu ya 30 30, kila jani lina mwiba kwenye ncha na unaukata kwanza, na maji yake yakikugusa ngozi inawasha mpaka usiku. Basi, msomaji mwenyewe ataona mateso.

Kuna taratibu zake za uandishi na ni vizuri mtu azijue kabla. Sentensi ya kwanza lazima iseme hicho kitu ni nini, sio ikizungushe. Jaribu leo, chukua kitu chochote unachokijua, upawa, beleshi, vitumbua, andika sentensi moja inayosema ni nini kwa mtu ambaye hajawahi kukiona. Ni ngumu ajabu. Mimi beleshi, kitu ninachokiuza kila siku, kilinichukua nusu saa. Usiegemee upande, hata kama unaumia. Kila dai liwe na chanzo ambacho mwingine anaweza kukifuata. Na usinakili maneno ya mtu, yaseme kwa maneno yako, hapo ndo utajua kama umeelewa au ulikuwa unabeba tu.

Na hilo la chanzo lilinigusa pabaya kidogo kwa sababu niliwahi kuweka aya ya mambo aliyonisimulia babu, jinsi manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, walivyokuwa wanapangwa kwenye kambi, ikaondolewa. Babu sio kitabu. Nikawaza, kwa hiyo alichokiona mzee wangu hakina thamani? Nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano nyuma, na nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba ina thamani ila hapa sio mahali pake, hapa ni pa yale yaliyokwisha kuchapwa, ya babu nenda kaiandike wewe iwe ndo chanzo. Nililitafakari sana hilo. Ndo maana hadithi iko Wattpad na ukweli wa miaka na tani uko Wikipedia, na mimi natembea kati ya hizo mbili, na naona kila moja inainyoosha nyingine.

Ukitaka kuanza usianze na makala mpya. Tafuta zile fupi fupi ambazo chini zimeandikwa kwamba makala hii bado ni mbegu. Neno zuri sana hilo, mbegu. Chukua mbegu ya kitu unachokijua, mji wenu, samaki wenu, ngoma yenu, rekebisha upatanisho wa maneno kwenye sentensi mbili tu, andika muhtasari wa ulichobadilisha, hifadhi. Zimo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa haraka na Kiswahili chake kimepinda, unasoma unaona kabisa hii haikuzaliwa hapa, na kuinyoosha sentensi ya namna hiyo ni mazoezi ambayo hakuna darasa litakupa. Unajiuliza, bibi yangu angelisemaje hili? Halafu unaandika hivyo. Kuna wakabidhi, ndo wasimamizi wake, na wahariri wa zamani wanaopitia mabadiliko, kwa hiyo ukikosea kuna jicho. Na akaunti yako ina ukurasa wako wa kufanyia mazoezi, vuruga humo mpaka uridhike.

Kasoro zake, maana sitaki mtu aje aniambie sikumwambia. Hakuna makofi kabisa. Unaweza kuandika aya nzuri kuliko zote maishani mwako na hakuna atakayekuambia asante, na jina lako halikai juu ya makala, liko kwenye historia tu. Mwenye kuhitaji kutiwa moyo atachoka wiki ya pili. Mtindo ni mmoja, mkavu, ukiandika huko tu utasahau kucheza na lugha. Kuweka vyanzo kwa simu kunachosha vidole, mimi kazi hiyo naifanya kwa kompyuta ya stoo mchana wa Jumamosi bosi akiwa ameniruhusu. Na ukishahifadhi umeshatoa, maandishi yako yako chini ya leseni huria, mtu yeyote anaweza kuyatumia na kuyabadili mradi ataje yalikotoka na naye atoe kwa masharti hayo hayo. Kwangu mimi baada ya yale ya kuibiwa nilidhani hilo litaniuma, halikuniuma. Kule nilinyang'anywa. Hapa natoa mwenyewe. Naipa nne na nusu, na kwa Kiswahili naiweka ya kwanza.

Kuna walioniuliza mbona sijataja vile visahihishi vya kwenye simu. Grammarly nilijaribu nikaacha, imejengwa hasa kwa ajili ya Kiingereza. Kibodi ya simu iwekeeni Kiswahili kabisa kwenye setingi, ikiwa ya Kiingereza inakubadilishia maneno bila kuuliza. Na hizi programu za akili mnemba, nimezitumia kuniandikia barua ya ofisi na zikatoka vizuri, lakini kwa kujifunza mimi nimeona ukimpa aandike yeye hujifunzi, na nilipompa aya ya babu aisahihishe akairudisha imenyooka kama nondo mpya, babu hayumo. Ukimpa akuulize maswali hapo sawa, muulize "ni wapi hujaelewa" na umkataze kuandika chochote. Ila dada wa Mombasa anauliza vizuri zaidi.

Ratiba yangu kwa anayetaka kuiga. Jumatatu hadi Alhamisi dakika 30, naandika rasimu kwenye Docs, hata kama ni mbovu. Ijumaa naituma kwa mamdogo. Jumamosi mchana Wikipedia, mbegu moja tu, nikimaliza mbili ni bahati. Jumapili jioni napokea mapendekezo yake, nayakubali moja moja, natengeneza, naweka Wattpad. Gharama yake ni bando tu, vyote vitatu nimetumia bila kulipia. Miezi mitatu ya mwanzo sikuona tofauti yoyote na niliona nimepoteza muda. Mwezi wa tano bosi akaniuliza ni nani kamwandikia barua ya kudai deni la mteja, mbona imeeleweka na mteja amelipa. Ilikuwa yangu, nilikuwa nimeianza na kitu chenyewe, tarehe, mifuko mingapi, kiasi gani kimebaki. Kama makala.

Kule kundini sijaondoka kwa chuki, bado napita kusoma, kuna watunzi mule wana vipaji vya kutisha na natamani mtu awashike mkono awalete kwenye hariri. Kama wewe ni mmojawapo na unasoma hapa, nitumie linki ya aya yako moja, nitakuachia maswali, sifa sitakuandikia, na wewe nenda kwenye yangu ufanye hivyo hivyo.

Sehemu ya saba iko kwa mamdogo tangu Ijumaa. Amekubali kurasa mbili nzima bila kukata, haijawahi kutokea, halafu kwenye aya ya mwisho ameandika pembeni, "Huyu nyapara hana jina?" Nimempigia babu nimemuuliza. Amekaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema anamjua kwa jina lakini watoto wake bado wako pale pale kijijini.

Bado sijaibonyeza ile alama ya kukubali.